Wimbo wa Naeku

Jua lilikuwa linazama upande wa Monduli, Sia alipofunga lango, majoho ya kwaya yamelala mkononi mwake, yamepigwa pasi na bado yana joto. Ulikuwa mwezi wa sita. Baridi ya Mlima Meru mwezi huo haina adabu, inamfuata mtu hadi ndani ya sweta. Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka kutoka msituni, unajaza mashamba ya viazi kidogo kidogo, kama maziwa yanayopanda kwenye sufuria.

Mama mkwe wake, Mama Hanna, alikuwa ametangulia. Siku ya mazoezi yule mama hakai. Ng'ombe wakikamuliwa tu, anajitanda kitenge na kuanza kupanda njia ya kanisani.

Sia alikuwa Mchaga wa Machame, mgeni pale. Alikuwa ameolewa na Mika, fundi wa kuezeka mabati, na akahamia kwao huku juu, magharibi mwa mlima, ambako wazee wakitaka kumsema mtu wanageukia Kimaasai. Ugeni una upweke wake. Aliyemwondolea upweke huo ni Mama Hanna. Alimpeleka kwenye kwaya ya Kanisa la Juu, akamsimamisha kando yake kwenye sauti ya alto, akamwambia, "Ukipotea, nisikilize mimi."

Kilichomshangaza Sia ni kimoja tu. Kati yake na Mama Hanna pale jukwaani palibaki uwazi, nafasi ya mtu mmoja. Kila alipojisogeza karibu, Mama Hanna alimrudisha kwa kiwiko, taratibu, bila kumtazama.

"Paache hapo," alikuwa akinong'ona. "Tusibanane."

Alipoingia kanisani taa zilikuwa zinawaka na wenzake wameshapanga safu. Mwalimu Solomoni alikuwa kwenye kinanda cha umeme, mzee mwenye mvi safi na shati lililofungwa hadi kifungo cha shingo. Kanisa hilo lilijengwa akisimamia yeye, na watu wa pale walimheshimu kuliko mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Panda jukwaani, tumechelewa."

Wakati anapanda, Sia aliona kuna mgeni kwenye benchi la nyuma kabisa. Mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa koti jeusi refu, miguuni ana dumu la njano. Akadhani ni mtu aliyetoka kununua mafuta ya taa, amepita kujikinga na baridi. Hakuna aliyemuuliza. Kanisa ni la wote.

Waliimba wimbo wa kwanza. Wakaimba wa pili. Mgeni alisikiliza, kichwa amekiinamisha.

Kisha akainuka.

Alitembea bila haraka hadi mlangoni. Akatoa mnyororo kwenye koti, akauzungusha kwenye vishikio vya mlango, akafunga kufuli. Kaa! Sauti ya chuma ikapiga ukuta wa mbele na kurudi. Akafungua dumu. Akaanza kumwaga chini, kutoka mlangoni, akipita kati ya mabenchi, hadi mbele ya jukwaa.

Petroli.

Harufu iliwapanda puani kwa pamoja. Kina mama wakapiga yowe. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Mlango ulikuwa huo huo mmoja. Calvin, dereva wa bodaboda aliyekuwa akiimba sauti ya teno, aliruka kutoka safu ya nyuma na kumvamia. Mgeni akachomoa panga na kumpiga kwa ubapa wake begani. Calvin akaanguka magotini, akabaki hapo, mkono umekufa ganzi.

"Sikuja kumkata mtu," mgeni alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kiberiti. "Msinilazimishe. Simu zenu wekeni kwenye kikapu cha sadaka."

Waliziweka. Walikuwa kumi na kitu, wengi wao wanawake. Hakuna aliyejua kwamba Calvin, wakati mlango unafungwa, alikuwa amekwisha kumpigia Mika na kuiacha simu hewani.

"Mwalimu Solomoni," mgeni alisema. "Unanikumbuka?"

Mzee alitikisa kichwa.

"Mimi ni Lesian. Lesian wa Naeku."

Sia hakuwahi kulisikia jina hilo. Lakini alisikia pumzi ya Mama Hanna ikikatika, kama ya mtu aliyekanyaga mwiba.

"Nilikuwa mdogo," Lesian aliendelea. "Mliniambia yeyo, mama yangu, amekimbilia Namanga na mwanamume. Mjomba akanichukua, akanilea kwake Simanjiro. Nikakua namchukia mama yangu mwenyewe. Namanga nimekwenda, nimeuliza nyumba kwa nyumba. Hakuna anayemjua. Halafu akaanza kunijia usingizini. Anaimba ule wimbo wake, aliotunga yeye. Akimaliza ananiambia neno moja tu."

"Neno gani?" Sia alishtuka kusikia ni yeye aliyeuliza.

Lesian alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala muda mrefu.

"Ananiambia, mwanangu, wananikanyaga."

Bati likalia juu, tii, tii, umande umeanza kudondoka kutoka kwenye mikaratusi.

"Nataka kujua alipo," Lesian alisema. "Kuna mtu humu anajua. Akisema, mlango utafunguka. Asiposema..." Akakitikisa kiberiti. Njiti zikacheza ndani.

"Kijana, una shetani," Mwalimu Solomoni alisema. "Mama yako aliondoka mwenyewe. Weka silaha chini tukuombee."

"Imbeni wimbo wake."

"Wimbo ule hatuuimbi."

"Kwa nini?"

Nje zilisikika breki za gari, milango ikifunguliwa, mbwa wakibweka. Mwanga wa taa ukapita kwenye madirisha. Kisha kipaza sauti: "Wewe uliyeko ndani! Hapa ni polisi! Kanisa limezingirwa!" Na nyuma ya sauti hiyo, nyingine ambayo Sia angeitambua popote. Ilikuwa ya Mika, imepasuka kwa hofu.

"Sia! Mama! Mko salama?"

"Imbeni," Lesian alisema, akatoa njiti moja.

Mama mmoja mzee wa soprano alianza, sauti inatetemeka kama kamba ya kuanikia nguo. Walioufahamu wimbo wakadakia. Ulikuwa wa Kimaasai, wa polepole, unaopanda kidogo na kushuka sana. Sia hakuujua. Alifumba mdomo, akamsikiliza Mama Hanna kama alivyofundishwa.

Mama Hanna hakuwa anaimba.

Lakini alto ilikuwepo.

Sia aliisikia karibu kabisa na sikio lake. Sauti nzito, tamu, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni, kama ya mtu aliyekunywa maji baridi sana. Ilitoka kwenye ule uwazi. Na ubaridi ulitoka hapo hapo, ukampanda kutoka kwenye nyayo hadi magotini. Kukawa na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, nzito kuliko petroli.

Akageuza macho tu, shingo ilikataa.

Hapakuwa na mtu.

Mmoja mmoja wakaanza kusikia. Soprano yule mzee akanyamaza katikati ya neno. Waimbaji wa teno wakanyamaza. Besi ya mwisho ikafa kama injini iliyoishiwa mafuta. Wakabaki wanatazamana midomo.

Midomo yote ilikuwa imefumba.

Na wimbo ulikuwa unaendelea.

Lesian aliacha panga lianguke. "Yeyo?" alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu mzima.

"Nyamazeni! Ni mchezo huo, kuna redio!" Mwalimu Solomoni alifoka, akainama kuitafuta chini ya kinanda.

Hapo ndipo Mama Hanna alipopiga magoti.

"Mimi ndiye niliyemwita," alisema.

"Hanna!" Mwalimu akaita.

"Niache, Mwalimu. Wenzetu wote wamekufa na siri hii, tumebaki mimi na wewe. Mimi siwezi kufa nayo." Alimgeukia Lesian, lakini macho aliyaelekeza sakafuni. "Watoto walikuwa wanakufa, baba. Kila nyumba msiba. Hospitali walisema ni surua. Sisi tukasema si surua. Mama yako alikuwa na sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa mtu, na wewe peke yako hukuugua. Basi watu wakasema, huyo anaimba na wafu. Anawalisha wafu watoto wetu ili sauti isimpungukie."

"Ukasema na wewe?"

"Nilikuwa nimemzika binti yangu mwezi ule. Nilisema."

Sia alimtazama yule mama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Mika hakuwahi kumwambia kwamba alikuwa na dada.

"Mwalimu alileta dawa kutoka kwa mganga mmoja wa kule Momela," Mama Hanna aliendelea, sauti imeshuka kuwa mnong'ono, na ule wimbo ukashuka pamoja naye, kana kwamba anayeimba anataka kusikia. "Ilikuwa kwenye chupa ya soda. Alituambia asiye na hatia akiinywa atatapika, yaishe. Mwenye hatia ndiye atakayelala. Nikaenda kwake jioni, nikasimama kwenye ua, nikamwambia kuna mazoezi. Hakukuwa na mazoezi. Alinifuata huku anacheka, ananisimulia habari zako. Alinywa kwa sababu nilimpa mimi."

"Akatapika?"

Mama Hanna alitikisa kichwa.

"Akalala."

"Yuko wapi?" Lesian alikuwa ameshika njiti, ncha yake imegusa ubavu wa kiberiti. "Mama, yuko wapi?"

"Kanisa lilikuwa linajengwa. Asubuhi yake mafundi walikuwa wanamwaga zege la jukwaa." Alinyosha kiganja, akakiweka kwenye sakafu, kwenye ule uwazi. "Tumesimama juu yake, baba. Siku zote hizi."

Waimbaji walishuka jukwaani wanakanyagana, kama waliosimama juu ya siafu. Sia alibaki. Hakujua kwa nini alibaki. Alimwona Lesian akikaza taya, akaona mkono wake ukianza kuvuta njiti, na akajua kwamba mtu huyu hakupanga kutoka humo ndani tangu alipofunga kufuli.

"Lesian," alisema. "Kaka yangu, ngoja."

"Wewe huhusiki. Sogea."

"Nihusike, nisihusike, nitaungua. Lakini mimi ni mgeni, sina wa kumtetea hapa. Naomba nikuulize kitu kimoja. Umemtafuta mama yako hadi Namanga. Sasa umempata, yuko chini ya miguu yangu. Ukiwasha huo moto, unamchoma nani?"

Njiti ilisimama.

"Wamemkanyaga," Sia alisema. "Wewe usimchome. Mtoe."

Lesian alipumua kama mtu aliyetoka majini. Kiberiti kikaanguka. Alipanda jukwaani kwa magoti, akalala kifudifudi, akaweka shavu lake kwenye zege, akaanza kuongea na sakafu kwa Kimaasai, harakaharaka, kama mtoto anayemsimulia mama yake mambo ya siku nzima.

Na hapo taa zikazimika.

Baadaye polisi walisema ni wao waliokata umeme ili waweze kuvamia. Kwa waliokuwa ndani, giza lilikuwa giza tu. Wimbo ukapanda. Haukuwa tena mahali pamoja, ulikuwa unatembea. Ulimpita Sia, na upepo wake ukampuliza shingoni. Ulishuka kutoka jukwaani. Ulielekea upande wa kinanda, taratibu, ukiburuta kitu kizito...

"Naeku," Mwalimu Solomoni alisema gizani. "Naeku, hapana..."

Kinanda kisicho na umeme kikatoa mlio mmoja mrefu.

Kisha kukawa kimya kabisa.

Sia alipapasa koti la Lesian hadi akaupata ufunguo. Hakumzuia, alikuwa analia tu. Alikimbia akiteleza kwenye petroli, akalipata kufuli kwa vidole, akafungua. Mlango ulipigwa teke kutoka nje, tochi zikaingia na buti nyuma yake. Mika alimkumbatia kwa nguvu hadi mbavu zikalia.

Mwanga wa tochi moja ulifika kwenye kinanda, ukakaa hapo.

Mwalimu Solomoni alikuwa ameketi wima. Vidole vilikuwa juu ya vibao. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, kama wa mtu anayevuta noti ya mwisho wa wimbo. Alikuwa amekufa.

Daktari alisema ni moyo. Mzee wa umri ule, mshtuko ule, hakuna cha ajabu. Waliomwosha hawakubishana na daktari. Lakini mmoja wao, jirani wa kina Sia, hakulala nyumbani kwake peke yake tena. Alisema walipojaribu kumfunga taya, ilikataa, na walipochungulia wakakuta koo limejaa udongo. Udongo mbichi, mweusi, wa msituni. Kanisa lile sakafu yake yote ni zege.

Jukwaa lilivunjwa mbele ya wapelelezi na nusu ya kijiji. Lesian aliletwa na pingu ashuhudie, maana Sia alikuwa amekwenda kituoni kuwasihi. Nyundo zilipiga tangu asubuhi. Zege lilipofunguka, walikuta chini yake pango la umbo la mtu, mtu aliyelala ubavu, magoti ameyakunja. Ungeona mahali palipokuwa bega. Ungeona mahali palipokuwa kisigino. Kulikuwa na kitenge kilichooza na chupa ya soda.

Mifupa haikuwepo.

Walichimba zaidi. Walichimba hadi wakafika kwenye mwamba. Hakuna hata jino.

Bila maiti, wakubwa walisema, mashtaka ya mauaji ni magumu. Mama Hanna alieleza kila kitu, akarudia, akaomba afungwe. Walimwandikia maelezo wakamwachia kwa dhamana. Lesian ndiye aliyepelekwa gerezani, kwa kuteka watu na kutaka kuchoma kanisa. Sia alisimama mahakamani kumtetea ingawa Mika alimkataza, na wanandoa wale wakakaa muda mrefu wakiongea mambo ya chumvi na maji tu. Hakimu alimpunguzia adhabu. Lesian alipopita karibu yake akitolewa nje, hakuuliza lolote ila hili:

"Kama hayupo pale, yuko wapi?"

Mama Hanna aliacha kwenda kanisani. Alikuwa akishinda uani kwenye kigoda, macho juu mlimani. Hakulia. Chakula alikula nusu, nusu akakifunika kwa sahani na kukiweka kando. Sia alimpikia, akamwogesha, na asijue kama anamhurumia au anamchukia. Siku nyingine ilikuwa vyote viwili, kwa mkono ule ule unaompaka mafuta.

Jioni moja Sia alikuwa anarudi kutoka kuchota maji. Kabla hajafika langoni alisikia wanawake wawili wakizungumza uani, chini kwa chini, na mmoja akacheka. Alifurahi. Alidhani jirani amekuja kumliwaza yule mama.

Alipofungua lango, Mama Hanna alikuwa peke yake.

"Ulikuwa na nani, mama?"

"Mwenzangu." Uso wake ulikuwa umelainika, kama wa msichana. "Ameona upweke huko aliko. Anasema njia si mbaya, ukishapita mikaratusi."

Ndoo ilimtoka Sia mkononi. Alifagia ua, akafunga milango yote, akalala macho wazi kando ya Mika.

Alfajiri, kabla jogoo wa kwanza hajawika, alisikia mlango wa chumba cha mama mkwe wake ukifunguliwa. Akasikia nyayo. Zilipita chini ya dirisha lake, hatua za mtu mzee anayeburuta kandambili, na pembeni yake hatua nyingine, za miguu mitupu, nyepesi. Zikatulia hapo dirishani kidogo, kana kwamba zinamsubiri mtu aseme neno.

Mume wake alikuwa anakoroma. Ilitosha kumgusa bega tu aamke.

Sia alivuta blanketi hadi kidevuni.

Nyayo zikaendelea kupanda.

Walimtafuta Mama Hanna na askari wa msitu, wakazunguka mlima hadi upande wa pili, wakaona kandambili zake pembeni ya kijito, zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia msikitini. Wengine walisema ni nyati. Wengine ni kujuta. Kina mama wanaokwenda kukata majani ya ng'ombe hawavuki tena kijito kile jua likishateremka, na ukiwauliza wanasikia nini huko, wanageukia Kimaasai.

Mika hajaacha kumtafuta. Jumapili, badala ya kwenda ibadani, anachukua panga na tochi, anapanda. Anaporudi giza limeingia, anakaa jikoni karibu na moto, anamuuliza mkewe swali lile lile.

"Hivi asubuhi ile, Sia, kweli hukusikia kitu?"

Naye hukoroga uji, mgongo amempa.

"Nilikuwa nimelala, baba," humjibu. "Nilikuwa nimelala."